Maswali ya Wasomaji: Nitaijuaje Nyumba Inayomtunza Mzee Vizuri?

SWALI

Kwako Mshauri, salamu nyingi. Mama yangu ana umri wa miaka 78, na alikuja Minnesota kutoka Mombasa kuishi nasi. Mwezi uliopita alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Hospitali inasema hawezi kurudi nyumbani kwa sasa kwa kuwa hawezi kujigeuza kitandani wala kumeza vizuri, na ofisa wa ustawi wa jamii amenikabidhi orodha ya nyumba tano za kutunza wazee akitaka nichague moja haraka. Mama ni Mwislamu, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Ndugu walioko nyumbani wanasema ninamtupa. Nimezipigia simu nyumba zote tano, na kila moja imejisifu kwa maneno yale yale. Nitatofautishaje nyumba nzuri na mbaya?

Binti wa Mombasa, Minneapolis, Marekani

JIBU

Pole sana, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amjalie Mama nafuu. Nigusie kwanza maneno ya ndugu, maana najua yanakuchoma kuliko orodha yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa usiku na mchana, na aliyepungukiwa na uwezo wa kumeza anahitaji mtu aliyefunzwa namna ya kumlisha. Kwa mtu mwenye kazi ya kwenda kila siku mambo hayo mawili ni magumu mno kuyafanya peke yake, na kumtafutia Mama mahali yanapofanyika ni sehemu ya kumlea. Waelezee ndugu hivyo, halafu urudi kwenye kazi iliyo mbele yako.

Katika miaka niliyofanya uuguzi kwenye nyumba za aina hii, nilizoea kuangalia jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni watu wanaomgusa mgonjwa: wako wangapi katika kila zamu, hasa usiku na mwisho wa juma, na je, ni wale wale waliokuwapo miezi sita iliyopita? Zulia jipya na maua ya ukumbini hununuliwa kwa siku moja. Msaidizi anayejua kwamba mama fulani hukunja uso kabla hajasema anaumwa, au kwamba mzee fulani hali mpaka aongeleshwe kidogo, hujenga ujuzi huo kwa miezi, na akiacha kazi huondoka nao. Karibu kila nitakalokueleza hapa chini ni njia ya kulifikia jibu la swali hilo.

Anza usiku huu kwa simu yako. Tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ina sehemu iitwayo Care Compare, ambako nyumba zote zinazopokea fedha za Medicare au za Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo, takriban 15,000 nchi nzima, zimepewa nyota kuanzia moja hadi tano. Utaratibu huo ulianza Desemba 2008. Nyota za jumla hutokana na mambo matatu: matokeo ya ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora kama vile kiasi cha wakazi wenye vidonda vya kulalia au walioanguka wakaumia vibaya. Usiyape mambo hayo uzito sawa. Vipimo vya ubora kwa sehemu kubwa hutokana na taarifa ambazo nyumba yenyewe huzijaza kuhusu wakazi wake, na si vigumu mtu kujipa alama nzuri. Ukaguzi unaaminika zaidi, kwa kuwa wakaguzi wa jimbo hufika bila kutoa taarifa, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupitisha miezi 15 bila kurudi. Lakini nyota zake hugawiwa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja tu, asilimia 10 zilizo bora zikipewa tano na asilimia 20 za mwisho zikipewa moja, kwa hiyo nyota tatu za Minnesota si lazima ziwe sawa na nyota tatu za Texas. Mimi huanza na takwimu za wafanyakazi. Tangu mwaka 2016 nyumba zinalazimika kuziwasilisha kutokana na kumbukumbu za mishahara, na tangu 2022 utaona pia hali ilivyo Jumamosi na Jumapili, pamoja na asilimia ya walioacha kazi ndani ya mwaka. Nyumba ambayo zaidi ya nusu ya wauguzi wake wameondoka katika mwaka mmoja ningeiweka chini kabisa ya orodha, hata kama ina nyota nne. Na ukikuta jina la nyumba limewekewa alama nyekundu yenye kiganja cha mkono, maana yake ni kwamba wakaguzi waliikuta na kosa la unyanyasaji wa wakazi, na hiyo uiondoe moja kwa moja.

Usiishie kwenye nyota. Fungua ripoti yenyewe ya ukaguzi, ambayo pia sheria inaitaka kila nyumba iiweke mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Kila kosa lina herufi kuanzia A hadi L. Kuanzia G kwenda juu mkazi aliumia kweli au alikuwa hatarini kuumia vibaya, na J, K na L ni hatari ya papo hapo kwa maisha au afya. Karibu kila nyumba ina makosa kadhaa, na kosa la friji ya jikoni kutopimwa joto lisikukoseshe usingizi. Kinachopaswa kukusimamisha ni kosa la aina moja linalojirudia mwaka hadi mwaka: vidonda, kuanguka, dawa kutolewa kimakosa, kengele kutojibiwa. Nyumba inayokosea jambo lile lile miaka mitatu mfululizo imekwisha kukuambia ilivyo.

Kuhusu idadi ya wafanyakazi, ni vizuri ujue kwamba sheria ya kitaifa ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Inataka muuguzi aliyesajiliwa, yaani mwenye mafunzo ya juu zaidi, awepo saa 8 mfululizo kila siku, muuguzi mwenye leseni wa ngazi yoyote awepo saa zote 24, na zaidi ya hapo inasema tu kwamba wafanyakazi wawe wa kutosha. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kanuni ya kutaka walau saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, na mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaibatilisha. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa ajili ya serikali yenyewe mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba chini ya saa 4.1 mkazi wa muda mrefu huanza kukosa huduma anazohitaji. Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 20 na bado linaachwa kwa hiari ya mwenye nyumba. Ili namba hizo zikae vizuri akilini, chukua nyumba yenye wakazi 60 inayotoa saa 3.5: hizo ni saa 210 kwa siku, yaani zamu 26 hivi za saa nane nane, zikigawanywa kati ya asubuhi, jioni na usiku, na baadhi ya watu hao ni wauguzi wanaogawa dawa, si wa kuinua na kugeuza wagonjwa. Ukifika, tafuta ukutani karatasi ya idadi ya wauguzi na wasaidizi wa siku hiyo kwa kila zamu, ambayo ni lazima ibandikwe kila siku, kisha umuulize msaidizi yeyote unayekutana naye ukumbini ana wakazi wangapi leo. Msaidizi atakujibu ukweli hata pale ambapo ofisi inaupamba.

Sasa nenda ukazione nyumba mbili au tatu zilizobaki. Ziara ya Jumanne saa nne asubuhi ukiongozwa na ofisa wa masoko haitakuonyesha mengi. Rudi bila miadi Jumapili saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula, ukae kimya mahali unapoweza kuona. Taa ya kengele ikiwaka juu ya mlango, tazama saa yako. Harufu ya mkojo kutoka chumba kimoja asubuhi ni jambo la kawaida. Harufu iliyotanda ukumbi mzima mchana kutwa, au manukato makali yaliyopuliziwa juu yake, maana yake ni kwamba watu hawabadilishwi pampasi kwa wakati. Angalia wasaidizi wanavyowalisha wasioweza kujilisha. Kwa Mama aliyepata kiharusi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu chakula kikipotea njia na kuingia kwenye mapafu huleta nimonia inayoweza kuua. Anayejua kazi humketisha mgonjwa wima, naye hukaa kwenye kiti uso kwa uso naye, huweka chakula kidogo upande wenye nguvu, na husubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Ukimwona mtu amesimama juu ya mzee aliyelala nusu, akijaza kijiko huku akiongea na mwenzake, toka nje.

Kipo kipimo kingine ambacho ni chepesi mno. Ingia chumba cha mtu aliyepooza upande mmoja, kwa idhini yake, uangalie kikombe cha maji na kitufe cha kengele viko wapi. Vikiwa upande wa mkono unaofanya kazi, aliyeviweka anamfahamu mgonjwa wake. Vikiwa upande uliokufa ganzi, mgonjwa huyo atakaa na kiu hadi zamu nyingine, ingawa daftari litaandikwa kwamba maji yalitolewa.

Nizungumzie ngozi, kwa kuwa hapa watu wetu huumia zaidi kuliko wengine. Wauguzi wengi hufundishwa kwamba kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na kidonda hugunduliwa kikiwa kimekwisha kufunguka. Muulize muuguzi mkuu wao huichunguzaje ngozi kama ya Mama. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba hutazama sehemu iliyozidi weusi au kuwa na rangi ya zambarau, huigusa kuona kama ina joto au ubaridi kuliko ngozi ya kando yake, kama imekuwa ngumu au laini isivyo kawaida, na humuuliza mgonjwa kama inauma. Akikutazama bila kukuelewa, hilo nalo ni jibu. Mama akishahamia, mwangalie wewe mwenyewe visigino, nyonga na mfupa wa mkia kila unapomtembelea.

Mama asiyesema Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo katika mambo yote ya matibabu, na huenda mkalimani huyo akawa wa simu au wa video. Ukikuta wasaidizi wa Kikenya au wa Kitanzania katika nyumba hiyo, nao ni wengi Minnesota, ni faraja kubwa kwake kupata wa kuongea naye, lakini usikubali wageuzwe wakalimani wa daktari. Chakula cha halali, wudhuu kabla ya swala, na sharti kwamba aogeshwe na wanawake peke yao, vyote hivyo uviseme siku ya kwanza na kutaka viandikwe katika mpango wa matunzo. Mpango wa awali ni lazima uwe tayari ndani ya saa 48 tangu aingie, na una haki ya kupewa muhtasari wake. Ombi lililosemwa kwa mdomo husahaulika zamu inapobadilika.

Hatimaye, soma unachowekewa mbele utie sahihi. Nyumba hairuhusiwi kukutaka wewe binafsi udhamini malipo ya Mama kwa fedha zako kama sharti la kumpokea, wala kumkataa kwa sababu umekataa mkataba wa kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama. Inayokuharakisha kusaini bila kukuelewesha ina uwezekano wa kumharakisha na Mama. Na hospitali isikutishe: uchaguzi ni wa mgonjwa na familia yake, na kwa kanuni za mwaka 2019 hospitali inapaswa kukusaidia kuchagua kwa kukupa takwimu za ubora, sio orodha ya majina matupu.

SWALI

Mshauri, baba yetu ana miezi minne katika nyumba ya wazee hapa jimboni Massachusetts. Alikuwa na uzito wa ratili 160 alipoingia, sasa nguo zinamvuka. Kila ninapofika amelala, hata saa sita mchana, na naambiwa ni umri na ugonjwa wa kusahau. Mimi mwenyewe ni msaidizi wa uuguzi katika nyumba nyingine, najua jinsi wenzangu wanavyoelemewa, na naona haya kuwalalamikia. Naogopa pia kwamba nikilalamika watamkomoa Mzee. Nifanye nini?

Mwana wa Mwalimu, Lowell

JIBU

Ndugu yangu, hizo dalili mbili zichukulie kwa uzito, na uzichukulie pamoja. Omba leo rekodi ya uzito wa Mzee. Kwa mtu wa ratili 160, kupungua ratili 8 ndani ya mwezi mmoja au 16 ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa kupungua kukubwa, na nyumba inapaswa kumwarifu daktari na kubadilisha mpango wa matunzo, si kungoja mwana aone suruali imelegea. Uliza meno yake ya bandia yako wapi, nani anamlisha, na anakula kiasi gani cha kila sahani; majibu hayo huandikwa kila siku, na una haki ya kuyaona ikiwa Mzee ameridhia au wewe ndiye mwakilishi wake kisheria.

Kuhusu usingizi, omba orodha kamili ya dawa. Tafuta hasa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya akili kama skizofrenia, ambazo baadhi ya nyumba huwapa wazee wenye ugonjwa wa kusahau ili watulie. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza dawa za kundi hilo zibebe onyo kali kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wa namna hiyo. Zipo hali chache zinazohitaji dawa hizo, lakini ni lazima familia ielezwe sababu kabla, na iwe na nafasi ya kukataa. Sheria ya mwaka 1987 iliyofanya mageuzi katika nyumba hizi inakataza kumtuliza mkazi kwa dawa ili kumrahisishia mfanyakazi kazi. Mzee anayelala mchana kutwa hali, hanywi na hatembei, na kwa hiyo huenda uzito na usingizi vina chanzo kimoja.

Aibu unayoiona naielewa, na inatoka mahali pazuri. Lakini lalamiko lililoandikwa vizuri halimshitaki msaidizi mwenye wakazi kumi na sita mikononi mwake. Linamshitaki aliyempangia wakazi kumi na sita. Liandike hivyo hasa: tarehe, saa, ulichokiona, na ni wafanyakazi wangapi walikuwapo kwa mujibu wa karatasi ya ukutani. Wewe unaijua kazi hii kutoka ndani, na kwa sababu hiyo ushahidi wako una thamani kuliko wa mtu mwingine. Omba kwanza kikao cha mpango wa matunzo pamoja na muuguzi mkuu, mtaalamu wa lishe na ofisa wa ustawi wa jamii, na baada ya kikao uwatumie kwa maandishi yale mliyokubaliana. Kama juma moja au mawili yakipita bila mabadiliko, mpigie ombudsmani, yaani mtetezi, wa wakazi wa nyumba za wazee. Kila jimbo linaye, huduma yake haina malipo, na haruhusiwi kutaja jina la mkazi wala la mlalamikaji bila idhini. Idara ya afya ya jimbo nayo hupokea malalamiko na inaweza kutuma wakaguzi.

Kulipiza kisasi kumekatazwa na sheria, ingawa sitakwambia kwamba hakutokei kamwe. Kinga iliyo bora niliyoiona ni familia inayokuja saa zisizotabirika, inayowajua wasaidizi kwa majina, inayowashukuru wanapofanya vizuri, na inayojiunga na familia nyingine. Wakazi na familia wana haki ya kuunda baraza lao ndani ya nyumba, na uongozi unalazimika kuwapa mahali pa kukutania na kuyashughulikia wanayoyaleta. Ikiwa nyumba hiyo haina baraza la familia, waulize watoto wa wazee wa vyumba vya jirani. Sitashangaa ukikuta nao wameona nguo zikilegea.

SWALI

Hapa Nairobi hatuna nyota wala ripoti mtandaoni. Tunafikiria kumpeleka nyanya yetu katika makao ya kulipia. Tutajuaje?

Mjukuu, Kasarani

JIBU

Mjukuu, Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa nyanya yenu haki ya kuishi kwa heshima, kutonyanyaswa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia yake na serikali. Kwa kuwa hamna ripoti ya kusoma, kazi ya mkaguzi mtaifanya wenyewe. Omba kuona hati za usajili wa makao na leseni ya sasa ya kila muuguzi kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwenye nazo hazifichi. Uliza ni nani anayelala macho usiku, si anayelala tu humo ndani, na nyanya akizidiwa saa nane za usiku atapelekwa hospitali ipi kwa gari la nani. Taka kuona daftari la dawa, na uangalie kama limetiwa sahihi dozi kwa dozi au kurasa nzima zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kwa mkupuo. Mengi niliyomwandikia binti wa Mombasa kuhusu kulisha, kikombe cha maji na ngozi hayahitaji tovuti yoyote, na yanafaa Kasarani kama yanavyofaa Minneapolis.

Yako makao yanayoruhusu wageni siku moja tu kwa juma kwa saa maalumu, kwa maelezo kwamba wazee wanahitaji utulivu. Hayo msiyachukue. Mwambieni msimamizi mapema kwamba mtakuwa mkija bila kupiga simu, mchana na jioni, na msikilize atakavyojibu kabla hamjalipa shilingi yoyote.